Watoto wa Jumanne Ile

Kabla sijafundishwa kushika chupa ya damu, nilifundishwa kushika tumbili. Ninyi vijana mnaoingia maabara siku hizi mtacheka, maana mna mashine inayomeza damu upande huu na kutoa majibu upande ule. Sisi mjini Kisii, mwanzoni mwa miaka ya sabini, tulikuwa na tumbili watatu katika kibanda nyuma ya maabara, na bila wao kazi haikwenda. Unampitishia mikono nyuma ya mgongo, unaikamata yote miwili juu ya viwiko kwa mkono mmoja, mkono wa pili unashika miguu, halafu mwenzako anavuta damu pajani upesi kabla hamjachoka wote watatu. Ukilegeza anakung'ata. Ukimwonyesha kwamba unaogopa anakung'ata kabla hujalegeza. Mkubwa wao tulimwita Hakimu kwa sababu ya namna alivyokutazama. Wiki yangu ya kwanza alinipokonya miwani ya daktari niliyopewa niishike, akapanda nayo juu ya kibanda, akaivaa, akatukagua mmoja mmoja hadi saa ya chai.

Aliyenifundisha hayo ni Mzee Ondieki, fundi wa maabara mwenye miaka mingi kazini na meno machache kinywani. Mimi nilikuwa msichana wa Sironga niliyetoka kumaliza kidato cha nne, darubini nimeiona kwenye picha tu. Nilimwita tata, ndiyo baba kwetu Kisii, naye aliniita mwanangu akiwa amefurahi na "wewe msomi" akiwa amekasirika. Alinifundisha kuandika jina kwenye chupa kabla damu haijaingia. Nilidhani ni ushamba wa wazee. Siku moja nikachukua damu ya watoto wanne, nikazitia chupa mfukoni ili niandike nikifika garini. Nilipofika garini sikujua ipi ni ya nani. Nilirudi boma kwa boma, mvua ya alasiri ikininyeshea, kuwachoma tena watoto walewale. Mama mmoja aliniuliza kama ile ya kwanza niliinywa.

Mkuu wetu alikuwa Daktari Mwadime, Mtaita, mrefu, mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka hadi tukawa tunaona haya kusema mbele yake. Mzee Ondieki hakuona haya. Akisema "mtoto yangu anaumwa," daktari humrekebisha kwa upole, "Mtoto wako anaumwa nini?" Naye mzee hujibu, "Mtoto yangu anaumwa tumbo."

Sasa niwaambie daktari alitafuta nini kwetu. Surua ilikuwa inaua watoto. Chanjo ilikuwa imefika, lakini watu walikuwa wameanza kuikataa, kwa sababu watoto waliochanjwa wakiwa wachanga walikuwa wanaugua vilevile. Daktari alitueleza hivi: mtoto huzaliwa na kingamwili za kuazima, amepewa na mama yake akiwa tumboni. Hizo humlinda miezi michache, halafu zinakwisha. Chanjo nayo ni virusi vya surua vilivyodhoofishwa, vinatiwa mwilini ili mwili wa mtoto ujifunze kutengeneza kingamwili zake mwenyewe. Ukimchanja mapema, kingamwili za mama zinaiua chanjo kabla mwili haujajifunza lolote. Ukichelewa, surua inakutangulia. Kwa hiyo alitaka kujua: za mama huisha mwezi wa ngapi, hapa kwetu, kwa watoto hawa wanaonyonya na kula uji wa wimbi? Hakuna kitabu kilichokuwa kinaweza kumwambia. Damu ndiyo ingesema.

Na hapo ndipo alipoingia Hakimu. Tulichukua maji ya damu ya mtoto, ile sehemu ya manjano inayobaki juu damu ikishaganda, tukayazimua mara mbili, mara nne, mara nane, kila kiasi katika kijishimo chake kwenye sahani ya plastiki. Tukatia virusi vya surua vilivyouawa, tukangoja, halafu tukatia damu ya tumbili. Virusi vya surua hupenda kuzishika chembe za damu ya tumbili na kuziunganisha. Kama mtoto hana kingamwili, chembe zinashikana na kutandazika chini ya kijishimo kama mkeka wa rangi ya waridi. Kama anazo, virusi vinafungwa mikono, na chembe zinateleza hadi katikati, zinakaa kama kitufe chekundu. Basi. Kazi yangu ya miaka mingi ilikuwa kutazama vitufe na mikeka. Msiidharau. Usiitikise sahani, usiisogeze, usipige chafya karibu nayo, na kama huna hakika, mwite mwenzako asome bila kumwambia wewe umeona nini.

Kupata damu yenyewe ilikuwa kazi nyingine. Tulifungua kliniki yetu ya kwanza upande wa Ekerenyo siku ya Jumamosi, tukakaa kutwa na viti vitupu, daktari akiamini kwamba watu wametukataa. Mzee Ondieki, ambaye ni Mkatoliki, alikula ndizi zake akamaliza ndipo akasema, "Daktari, hawa ni Wasabato. Wako kanisani." Tukahamia Jumanne. Tulikodi chumba pale sokoni, tukaweka friji ya mafuta ya taa ya kuhifadhia chanjo, na mimi nikapewa ufunguo. Nilijifunza kumpasha mtoto kisigino kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu kabla ya kumchoma, damu itoke mara moja asichomwe mara mbili. Nilijifunza kumchoma akiwa ananyonya.

Mama Kerubo ndiye aliyetuuliza maswali kuliko wote. Alikuwa mkulima wa pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, mke wa mtu aliyefanya kazi mbali kwenye mashamba ya chai, na alikuwa amemzika mtoto wake wa kwanza kwa surua. Kerubo alikuwa wa pili, ana miezi miwili. Alimkumbatia, akanikazia macho.

"Damu hii mnaipeleka wapi?"

"Kisii, mama. Tunaipima."

"Mnaipima mkiwa mmefunga mlango?"

Nilimwambia daktari. Badala ya kukasirika, alisema, "Mwambie aje aone." Na kweli akaja, mtoto mgongoni, ndizi mbivu mkononi kwa ajili yetu. Nilimwonyesha sahani ya mtoto wake. Nikamweleza kwa Kigusii: hivi vitufe ni wewe, ulimpa akiwa tumboni. Aliinama akatazama kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo mimi bado namlinda?"

"Bado. Lakini zinapungua kila mwezi. Ndiyo maana tunamchoma tena na tena, tujue zikiisha tumchanje."

"Zikiisha uniambie wewe mwenyewe," alisema. "Usimtume mtu."

Kuanzia siku ile alituletea nusu ya kijiji chake.

Naja sasa kwenye jambo lililonifanya niandike, na ningependa kulipita, lakini nimeshika kalamu.

Friji ya mafuta ya taa ilikuwa na utambi chini yake, na utambi ule ulitaka kubembelezwa. Ukiwa mrefu unatoa moshi, ukiwa mfupi unazima. Nilipaswa kuukata kila Ijumaa, kujaza mafuta, na kuandika kwenye karatasi ya mlangoni namba ya kipimajoto. Ijumaa moja ya Januari, jua kali, nilikuwa na haraka. Dada yangu alikuwa anaozwa Sironga. Niliangalia mafuta kwa macho tu, nikafunga chumba, nikaenda harusini. Kurudi kwangu ilikuwa Jumanne asubuhi, siku ya chanjo.

Nilifungua mlango nikakanyaga maji. Friji ilikuwa imezima, barafu yote imeyeyuka, na ndani kulikuwa na joto la chumba kile chenye paa la bati. Chanjo za wakati ule zilikuwa dhaifu kuliko za leo. Siku nne za joto kama lile zilitosha kuziua.

Nje akina mama walikuwa wameshaanza kufika. Wengine walitembea tangu alfajiri. Nilijua la kufanya: nifunge, niwaambie warudi, nipeleke habari Kisii. Nikauona akilini uso wa daktari. Nikaona nikirudishwa nyumbani, mimi niliyekuwa wa kwanza kwetu kupata kazi ya mshahara. Nilipangusa maji, nikawasha utambi, nikaandika kwenye karatasi namba nzuri, ileile ya kila siku. Muuguzi wa kliniki yetu alipofika aliikuta friji inawaka. Tukachanja. Kerubo alikuwa amefikisha miezi tisa, na damu yake ilikuwa imeonyesha kwamba kingamwili za mama zimekwisha. Nilimwambia Mama Kerubo mimi mwenyewe, kama alivyotaka. Alicheka kwa furaha mtoto alipolia.

Baada ya wiki kadhaa tulichukua damu ya watoto wale na kuipima. Nilisoma sahani nikiwa nasali. Mkeka. Mkeka. Mkeka. Hakuna mwili uliojifunza kitu.

Daktari alishangaa kwanza, halafu akaanza kufikiri, na mtu mwenye akili akianza kufikiri juu ya uongo, anafika mbali. Alisema huenda kingamwili za mama hubaki kidogo hata kipimo chetu kisipoziona, na zinazuia chanjo hata kwenye miezi tisa. Bila kuitenga kila Jumanne peke yake, akaanza kuandika ripoti: watoto wa huku wasubiri hadi wapite mwaka mmoja. Alinipa niipige chapa. Nilipiga ukurasa wa kwanza, nikaishia hapo.

Mzee Ondieki alikuwa anaosha sahani. Alisema bila kugeuka, "Nimeangalia daftari. Watoto wa Jumanne zingine, wengi wana vitufe. Hawa wenye mikeka wote ni wa Jumanne moja."

Niliuchomoa ukurasa kwenye mashine ya chapa.

"Mimi zamani niliwahi kuvunja chupa za mgonjwa," akaendelea. "Nikajaza damu yangu mwenyewe. Nilikuwa mzima, kwa hiyo yule mgonjwa akaonekana mzima. Wakampa ruhusa." Alisuuza sahani nyingine. "Sijui alifika wapi. Hiyo ndiyo inanisumbua, mwanangu. Sijui alifika wapi, na siwezi tena kuuliza."

Niliinuka nikaenda kwa daktari, ukurasa wa ripoti bado uko mkononi. Nilimwambia yote, harusi, maji, namba niliyoandika. Alivua miwani.

"Ulijua asubuhi ileile?"

"Nilijua, daktari."

"Bi Moraa, ripoti hii ingewaambia akina mama wangoje mwaka mzima. Unajua surua ingewakuta watoto wangapi njiani?"

Nikaanza kulia. Hakunikataza. Aliichukua ile karatasi mkononi mwangu, akaichana mara mbili, akasema, "Sikufukuzi. Nikikufukuza, atakayefuata ataikuta friji imezima, na atajua kunyamaza kuliko wewe. Lakini kwa wale akina mama siendi mimi. Utakwenda wewe, na utasema kwa mdomo wako."

Kesho yake asubuhi tuliondoka na chanjo mpya ndani ya sanduku la barafu. Pale sokoni tukaambiwa surua imeingia, wiki ya pili sasa. Mnajua mtu anavyotembea akiwa anataka kukimbia lakini anaona haya kukimbia? Ndivyo nilivyopanda vilima vile, kutoka shamba la pareto hadi migomba, migomba hadi shamba la chai. Kwa kila mama nilisema: ile chanjo haikuwa na nguvu, nilijua, nisamehe, nipe mtoto nimchanje tena. Wengine walinitukana. Mmoja alinimwagia maji ya vyombo. Wote walitoa watoto, na karibu wote tuliwawahi.

Kwa Mama Kerubo tulifika saa nane mchana. Alikuwa anaanua pareto, mvua ikinukia. Mtoto alikuwa amelala kwenye ngozi, macho mekundu, anakohoa.

"Ni mafua tu," alisema. "Si alichanjwa?"

Nilipiga magoti nikamfungua mtoto kinywa. Hili mlijue: surua kabla ya kutoa vipele huweka vidoa vyeupe ndani ya shavu, vidogo kama chembe za chumvi. Vilikuwepo.

"Mama Kerubo," nilisema, "chanjo niliyompa ilikuwa imekufa. Friji ilizima nikiwa harusini. Nilijua siku ileile, nikanyamaza."

Hakupiga kelele. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi. Kisha alimwinua mtoto, akamfunga mgongoni, akaniambia, "Sogea mlangoni nipite." Akatembea mpaka kwenye gari letu akapanda.

Kerubo alilazwa hospitalini muda mrefu. Vipele, halafu mapafu, halafu macho. Kila asubuhi kabla ya kazi nilimpelekea mama yake uji. Aliupokea, akanywa, akanirudishia kikombe, bila neno. Sikuwa na haki ya kutaka neno. Mtoto alipona, lakini jicho la kushoto lilibaki na ukungu mweupe. Daktari aliyemtibu alisema jicho lile halitaona tena. Mama Kerubo alimshukuru, akafunga vitu vyake, akaenda zake Ekerenyo.

Daktari Mwadime aliandika ripoti upya. Watoto wa Jumanne ile aliwatoa kwenye hesabu, na sababu aliiandika wazi, kwamba friji ilizima na mfanyakazi hakusema. Jina langu hakulitia. Nilimwambia alitie. Alisema, "Ripoti haihitaji jina. Wewe ndiye unayelihitaji, na unalo."

Lakini kliniki yetu ilikufa. Jumanne ya kwanza walikuja akina mama wawili. Ya pili hakuja mtu, na safari hii hawakuwa kanisani. Nani awalaumu? Daktari alianza kusema kuhusu kuhamia wilaya nyingine.

Jumatatu moja nilikuwa naosha sahani, Mzee Ondieki akanigusa bega. Mama Kerubo alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni akichungulia kwa jicho lake zima. Nilikausha mikono mara tatu.

"Nimesikia hamna watu," alisema.

"Hamna."

"Kwa jirani yangu kuna mtoto wa miezi kumi. Nimemwambia ampeleke, akaniambia nimwangalie wangu kwanza." Alimkaza mtoto mgongoni. "Niliyemzika hakuchanjwa. Huyu alichanjwa kwa uongo. Bado sijaona mtoto aliyechanjwa kwa ukweli akafa. Nionyeshe kama nimekosea."

Nilileta daftari. Hakujua kusoma, kwa hiyo nikamsomea: jina la mtoto, boma, Jumanne aliyochanjwa, kama aliugua surua ilipopita au hakuugua. Baadhi ya majina aliyajua, akawa ananikatiza, "Huyo ni mzima, nilimwona jana." Tulifika mwisho.

"Kesho ni siku yenu," alisema. "Njoo mapema, upite kwangu. Tutazunguka nyumba kwa nyumba. Mimi nitasema. Wewe utanyamaza."

Nilifika jua likichomoza. Alikuwa tayari amevaa gauni la kanisani. Tulianza na yule jirani. Mama Kerubo alikaa, akamtoa mtoto mgongoni, akamgeuza uso ili jicho lionekane vizuri, akaanza kusimulia. Hakupunguza kitu. Alisema msichana huyu aliyekaa hapa alikuwa na ufunguo, akaenda harusini, akakuta maji sakafuni, akaandika uongo, akatutazama machoni akachanja. Nilisikiliza nikiwa nimeinamisha kichwa, na yule jirani akinitazama. Halafu Mama Kerubo akasema, "Ndiye aliyekuja mwenyewe kutuambia. Kama asingekuja, watoto wa kilima kizima wangekuwa kama wangu. Sasa friji anaichungulia asubuhi na jioni kama mgonjwa. Mlete mtoto wako."

Jirani aliingia ndani, akatoka na mtoto.

Ndivyo tulivyokwenda kutwa nzima, mimi nyuma yake na sanduku la barafu begani, na Jumanne iliyofuata, na iliyofuata. Nadhani nilisikia kosa langu likisimuliwa katika nyumba zote za upande ule. Sikuwahi kulizoea. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya shemeji yake, mwanamke mgumu aliyekuwa ameapa kwamba hatatupa mtoto wake. Mama Kerubo alisimulia tangu mwanzo, pole pole, hadi mwisho. Kisha, kwa mara ya kwanza siku zile zote, alinigeukia.

"Kuna kitu nimesahau?"

"Hapana, mama," nilisema. "Ndivyo ilivyokuwa."

Shemeji yake alinyoosha mikono, akanipa mtoto.